Kusomea ualimu kwa elimu huria ukiwa na kazi na familia Dodoma: tathmini ya mwanafunzi

Wafanyakazi wenzangu hapa Dodoma wakijua kuwa ninasomea ualimu, huniuliza iwapo mtu mwenye ajira ya kutwa, nyumba na watoto anaweza kweli kuisoma shahada hiyo bila kuacha chochote kati ya hivyo. Huwajibu kwamba sehemu kubwa ya masomo inawezekana, isipokuwa mazoezi ya kufundisha, ambayo hayakubali kubanwa katikati ya kazi nyingine. Mtu asiyeyapangia mazoezi hayo tangu siku anayojaza fomu ya kujiunga anaweza kufaulu masomo yote ya vitabuni na bado akakwama. Kwa sababu hiyo tathmini hii ya elimu huria na masafa, yaani kusoma ukiwa kwako badala ya kukaa chuoni, kwa anayetaka kuwa mwalimu, itakaa zaidi kwenye jambo hilo kuliko kwenye mambo ambayo matangazo ya vyuo huyasifu.

Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Ninaishi Nzuguni, upande wa mashariki wa mji, na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe ambaye huja kwetu wakati wa kiangazi na kurudi kijijini mvua zinapokaribia. Nilimaliza kidato cha sita kabla ya kuolewa nikiwa na alama zilizonitosha kuingia chuo kikuu, lakini ada haikupatikana na maisha yakaendelea. Sasa ninasoma Shahada ya Sanaa na Elimu, kwa masomo ya Kiswahili na Historia, katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nikihudumiwa na kituo cha mkoa wa Dodoma. Ninayoyasema kuhusu ugumu yanahusu mfumo mzima wa kusoma kwa masafa, na yatampata mwanafunzi wa chuo chochote kinachoandaa walimu kwa njia hii.

Njia yenyewe si ngeni nchini. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali ilipoamua kuharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, vyuo vya ualimu vya bweni havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku tayari wakiwa wanafundisha vijijini, wakisoma kwa posta na kwa vipindi vya redio, wakisimamiwa na wakufunzi, na mwishoni wakikaa chuoni kwa muda mfupi. Hao ndio ambao watu wa rika la wazazi wangu huwaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha Elimu ya Msingi kwa Wote, na wengi wetu tuliozaliwa mkoani humu tuna mzazi aliyefundishwa kusoma na mmoja wao. Ninaitaja historia hiyo kwa heshima, na pia kwa sababu inaonyesha tofauti kubwa. Mwanafunzi yule alikuwa darasani kila siku, akakosa vitabu. Mwanafunzi wa masafa wa leo anavyo vitabu kwenye simu yake, na anachokikosa ni darasa la watoto la kujifunzia kazi. Karibu kila shida ninayoieleza hapa chini inatokana na hilo.

Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, makao makuu yakiwa Kinondoni, Dar es Salaam, na vituo vyake vikiwa mikoani. Shahada yake inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama shahada ya chuo kingine chochote kilichosajiliwa, jambo ninalolisisitiza kwa kuwa bado nasikia watu wakisema kwamba elimu ya masafa ni ya daraja la pili mbele ya mwajiri. Sivyo.

Jambo la kwanza ninalolisifu katika huduma hii ni kwamba unajisajili kwa masomo unayoyaweza na kulipia hayo tu. Muhula ambao mtoto wangu wa mwisho alikuwa akiugua mara kwa mara nilichukua masomo machache, na muhula uliofuata nikaongeza. Katika chuo cha bweni ningelazimika kuahirisha mwaka mzima. La pili ni jukwaa la masomo la mtandaoni, ambako moduli, mihadhara iliyorekodiwa, majaribio na mijadala ya wanafunzi vinapatikana saa yoyote. La tatu ni kituo cha mkoa chenyewe. Kuwa na ofisi mjini ambayo unaweza kuingia ukiwa na karatasi mkononi, ukaonana na mtu na kupata jibu, kunapunguza hofu kwa kiasi ambacho mtu hawezi kukikadiria mpaka ajaribu kusoma bila ofisi ya namna hiyo. Vipindi vya ana kwa ana navyo vimenisaidia, hasa kwa sababu hukutana humo na watu wa hali yangu: muuguzi wa Chamwino, askari magereza, mama anayeuza vitenge sokoni Majengo, na walimu wa shule za msingi wenye stashahada wanaojiendeleza.

Sasa nieleze usomaji wenyewe ulivyo katika nyumba ya Dodoma. Maji mtaani kwetu hutoka kwa zamu, na mara nyingi zamu hiyo huangukia usiku. Yakianza kutoka lazima mtu awe macho, ajaze tangi, mapipa na ndoo, kwa sababu hakuna anayejua yatakatika lini. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu zamani, na ndiyo iliyonipa saa zangu za kusoma. Ninaweka mpira kwenye pipa, ninakaa jikoni na moduli, na kila pipa likijaa ninahamisha mpira na kurudi kwenye ukurasa. Bando la usiku nalo ni nafuu kuliko la mchana, kwa hiyo mihadhara yote ninaipakua saa hizo na kuisikiliza kwenye daladala asubuhi.

Hata hivyo masomo hayafanani katika kukubali kusomwa kwa vipande. Historia inakubali vizuri: mtu anaweza kusoma juu ya Vita vya Majimaji kwa muda wa pipa moja, akaacha, akaendelea siku nyingine bila kupoteza uzi. Saikolojia ya elimu inakubali kiasi, hasa kama una watoto nyumbani ambao unaweza kuwatazama na kulinganisha na ulichosoma juu ya hatua za ukuaji. Isimu, yaani sayansi ya lugha, inakataa. Uchanganuzi wa sentensi unahitaji saa nzima isiyokatizwa, meza na penseli, na mtu akiukatiza kwa sababu ya ndoo lazima aanze upya. Falsafa ya elimu inakataa zaidi, kwa kuwa hoja ya ukurasa wa kumi haieleweki kama umesahau ya ukurasa wa pili. Ushauri wangu kwa anayechagua masomo ya muhula ni kwamba asiangalie idadi tu, bali achanganye somo moja linalohitaji utulivu na mawili yanayovumilia fujo za nyumbani. Masomo mawili ya namna ya isimu kwa muhula mmoja ni mzigo ambao mtu anayerudi nyumbani jioni na kuanza kupika hataubeba vizuri, hata awe na akili kiasi gani. Ikumbukwe pia kwamba, isipokuwa katika masomo ya Kiswahili, usomaji wote ni wa Kiingereza, na baada ya kutwa ya kuhesabu mifuko ya saruji, kasi ya kusoma Kiingereza saa tisa usiku hupungua.

Kuhusu vitabu na nakala, nina onyo. Kuna stesheneri nyingi mjini zinazouza fotokopi za moduli zilizokwisha kuunganishwa, na bei yake huvutia, kwa sababu kuchapisha mwenyewe hugharimu kati ya shilingi 100 na 200 kwa ukurasa kutegemea duka. Mimi niliuziwa katika stesheneri mojawapo fotokopi ya somo la mitaala ambayo ilikuwa ya toleo la zamani, na mwenye duka hakusema lolote. Kwa masomo mengine jambo hilo lingevumilika. Kwa mwalimu mtarajiwa wa sasa halivumiliki, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, na lugha yake ya umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za ujifunzaji imebadilisha namna azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kufundisha somo, linavyoandaliwa. Mihtasari na vitabu vya kiada vinapatikana bila malipo katika tovuti na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kwangu hiyo ndiyo huduma bora kuliko zote nilizozitumia katika masomo haya. Yeyote anayesomea ualimu aanzie hapo kabla hajatoa hata shilingi moja kwa nakala.

Majaribio ya mtandaoni yana wasiwasi wake. Saa ya jaribio ikianza kuhesabu, intaneti ya simu ikipotea mtaani kwako, muda hausimami. Nimejifunza kutoka kwa wenzangu kutofanya jaribio lolote nyumbani jioni, wakati mtandao wa simu huelemewa. Kufika mjini mapema asubuhi kabla ya kufungua duka kunafaa zaidi. Mitihani ya mwisho hufanyika katika chumba cha mtihani chini ya usimamizi, kama mahali pengine popote, na humo sina la kulalamikia.

Ninafika sasa kwenye mazoezi ya kufundisha.

Awamu niliyopangiwa ilikuwa ya majuma manane mfululizo, shuleni, tangu asubuhi mpaka alasiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28, na siku hizo huhesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili. Majuma manane ni siku 56. Kwa hiyo mwajiriwa wa kawaida, hata kama hajapumzika siku moja mwaka mzima na ameiweka likizo yake yote kwa ajili ya masomo, ana nusu tu ya muda anaouhitaji. Hakuna jukwaa la mtandaoni, rekodi ya mhadhara wala bando la usiku linaloweza kuifidia nusu inayobaki, kwa sababu wanafunzi wa kidato cha pili hawafundishwi saa tisa usiku. Nashangaa kwamba hesabu hii rahisi haizungumzwi mwanzoni kabisa, wakati mtu anapoulizia sifa za kujiunga na ada, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama ataweza kumaliza.

Kwa Dodoma tatizo hilo lina sura yake ya pekee. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamishia shughuli zake huku, ujenzi haujapumzika, na msimu wake mkubwa ni kiangazi, wakati hakuna mvua na barabara za Mtumba, Ihumwa na Nala zinapitika vizuri na malori. Mazoezi yangu yaliangukia Julai na Agosti, yaani miezi ambayo duka linauza kuliko miezi mingine yote. Mfanyakazi wa shambani naye ana miezi yake. Mvua hapa ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na anayelima uwele, mtama au alizeti hawezi kuondoka wakati wa palizi. Mlinzi mmoja wa usiku niliyesoma naye alifundisha mchana na kulinda usiku mpaka mwili ukakataa, kisha akaomba abadilishane zamu na mwenzake. Hata walimu wa msingi waliokwisha kuajiriwa hawakuepuka, kwa sababu shahada inawataka wafanye mazoezi katika shule ya sekondari, na shule yao ya msingi hubaki bila mwalimu wa darasa kwa muda huo. Lazima waombe ruhusa kupitia kwa mwalimu mkuu mpaka halmashauri, na barua za namna hiyo hazisafiri haraka.

Kilichonisaidia mimi ni jambo ambalo kila mwajiriwa anaweza kuliangalia katika mkataba wake leo. Mwaka wa likizo kisheria huhesabiwa kutoka tarehe uliyoanza kazi, wala si kutoka Januari. Mimi niliajiriwa mwishoni mwa Julai, kwa hiyo mwaka wangu wa likizo hugeuka katikati ya kipindi cha mazoezi. Niliweka siku za mwaka uliokuwa unaisha, mwajiri akakubali kwa maandishi kunitangulizia siku za mwaka uliofuata, na vipande viwili vya siku 28 vikaungana. Ilinibidi niombe mapema mno, niandae mtu wa kukaa kwenye hesabu kwa muda wote huo, na nikubali kwamba kwa mwaka mzima uliofuata sitakuwa na likizo nyingine. Mtu ambaye tarehe yake haikai vizuri atalazimika kuomba likizo bila malipo, na hapo ajue kwamba anategemea hiari ya mwajiri, maana hakuna kifungu kinachomlazimisha mwajiri kumpa likizo hiyo.

Shuleni kwenyewe, niliomba nipangiwe upande wa mashariki wa mji ili nisivuke katikati kila asubuhi. Ilikuwa shule ya kutwa, ambako wanafunzi wengi hutembea mwendo mrefu kufika, na darasa nililopewa lilikuwa limejaa hadi dirishani. Mkuu wa shule aliniita mwalimu tangu siku ya kwanza na wanafunzi wakasimama kunisalimu: "Shikamoo, mwalimu." Nilifundisha ngeli za nomino kwa kidato cha pili na historia kwa kidato cha kwanza. Lazima niseme kwamba majuma hayo manane yalinifundisha zaidi ya moduli zote. Katika vitabu nilisoma kwamba mwalimu aanze na kile wanafunzi wanachokijua. Darasani niligundua kwamba sikujua wanakijua nini, na kwamba kukijua kunahitaji kuwauliza, kusubiri kimya kirefu, na kuuliza tena kwa njia nyingine mpaka yule wa nyuma kabisa anyooshe mkono.

Wale wanaofikiri kwamba kuacha kazi ya dukani kwa majuma manane ni mapumziko wajue kwamba usiku wa mazoezi ni mzito kuliko usiku wa kusoma. Kila kipindi kinahitaji andalio la somo, na kila juma shajara la somo, yaani kumbukumbu ya yaliyofundishwa, lazima lijazwe. Msimamizi wa chuo anaweza kufika wakati wowote, na akifika huomba andalio kwanza kabla hajakaa nyuma ya darasa. Zana za kufundishia zinatengenezwa nyumbani. Mume wangu alikata maboksi, mtoto wa kwanza akaandika viambishi kwa kalamu nene, na jikoni kwetu pakawa karakana ya ngeli. Katika muhula huo mtu asijisajili kwa somo lingine lolote. Nimeona wenzangu wakijaribu, wakifikiri kwamba mapipa ya maji yangewapa nafasi ileile, na hawakupata hata ukurasa.

Kwa upande wa gharama, ada ni sehemu ya matumizi tu, na kwa bahati nzuri ndiyo sehemu inayojulikana mapema na inayoweza kulipwa kwa awamu kulingana na masomo uliyojisajili. Nauli, bando, uchapishaji na chakula cha siku za mtihani huja kidogo kidogo na havionekani mpaka ukae chini kuvijumlisha. Gharama kubwa kuliko zote kwa wengi ni mshahara unaokosekana wakati wa mazoezi, iwapo likizo haikutosha. Nashauri atakayejiunga aanze kuweka akiba ya kipindi hicho mwezi uleule anaolipa ada ya kwanza, na aifungie mahali ambapo hataigusa kwa ajili ya sare za shule za Januari.

Upo pia msaada wa watu, ambao hauwezi kuandikwa katika bajeti. Mama mkwe wangu hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini mwaka wa mazoezi aliahirisha kurudi kijijini mapema kuandaa shamba, akabaki akipika na kuwapokea watoto wanaporudi shuleni. Nilimwambia, "Mama, shamba litachelewa." Akanijibu kwamba shamba litalimwa na wifi yangu, mimi nikafundishe. Mwanamke anayesoma bila mtu wa namna hiyo nyumbani anasoma katika hali tofauti kabisa na yangu, na tathmini yangu nzuri ya huduma hii lazima isomwe kwa kuzingatia hilo. Kabla ya kuchagua chuo, kaa na watu wa nyumbani, mgawane kazi kwa majina na kwa saa, wakiwamo wanaume. Mume wangu sasa ndiye anayehamisha mpira wa maji siku za kuelekea mtihani.

Wapo wanaoniuliza kama isingekuwa afadhali kusoma chuo cha kawaida, maana mji huu unavyo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 kina ndaki nzima ya elimu, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana nacho kinafundisha walimu, na kwa ngazi ya stashahada mkoa una vyuo vya ualimu vyenye historia ndefu kama Mpwapwa na Bustani kule Kondoa. Kijana asiye na ajira wala familia na aliye na njia ya kulipiwa aende huko bila kusita. Atapata maktaba iliyo wazi, wahadhiri wa kuwauliza ana kwa ana, wenzake wa kubishana nao hoja, na mazoezi ya kufundisha yasiyomgharimu mshahara. Kwa mtu ambaye nyumba inategemea kipato chake cha mwezi huu, elimu ya masafa ndiyo inayowezekana, na inawezekana kwa ubora wa kutosha kama atakuwa mkali kwa saa zake.

Asitarajie, hata hivyo, kwamba cheti kitamwita kazini. Siku hizi ajira mpya za walimu serikalini hupitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira kama kada nyingine, na huko anayejua kufundisha hutofautiana haraka na anayejua kueleza nadharia. Hii ni sababu nyingine ya kutoyachukulia mazoezi kama sharti la kupita tu. Majuma yale ndiyo nafasi pekee ambayo mwanafunzi wa masafa anapata ya kutazamwa akifundisha na kuambiwa ukweli.

Kama ningeulizwa ni nini kiongezwe katika huduma hii, kwa chuo chochote cha masafa kinachoandaa walimu, ningeomba mambo mawili. Kwanza, mwombaji aliyeajiriwa aelezwe kwa maandishi, siku ileile anayopewa fomu, kuwa mazoezi ni majuma mangapi na kwa kawaida huangukia miezi gani, ili apeleke karatasi hiyo kwa mwajiri kabla hajalipa ada. Pili, aruhusiwe kuigawa awamu ya majuma manane kuwa vipande viwili vya majuma manne katika shule ileile, kila kimoja katika mwaka wake wa likizo. Msimamizi angekuja mara mbili, shule ingejiandaa mara mbili, na katika kipande cha pili mwanafunzi angerudi kwa darasa ambalo tayari linamjua. Majuma manne yana siku 28.